Tuanze na breki kabla ya tabo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na vijana wenzangu wa Mbeya na Iringa wanaotengeneza magari madogo kwa ajili ya mbio. Kila Jumamosi gereji za hapa Mwanjelwa hujaa Starlet, Vitz RS na Golf GTI zinazofungwa ekzosi pana na tabo kubwa (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu), na wenye magari huondoka wameridhika na mlio, lakini ni nadra kumkuta mmoja wao amechuchumaa penye tairi akitoa upepo kwenye breki, yaani kuondoa hewa iliyonasa ndani ya mafuta ya breki.

Hamu ya tabo naielewa. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa ya huku injini isiyo na tabo hupungukiwa karibu sehemu moja ya sita ya nguvu iliyo nayo Dar es Salaam. Hata hivyo Starlet Glanza V kama yangu, iliyotengenezwa Japani kati ya 1996 na 1999, ilitoka kiwandani na tabo na nguvu za farasi 135 katika gari lisilofika tani moja. Nguvu hizo zinamtosha kabisa mtu anayeanza.

Mwaka jana nilikuwa nikiteremka mlima Kitonga kule Iringa, nikikanyaga breki kila kona badala ya kushusha gia, na kona ya nne pedali ikawa laini ikazama karibu na sakafu. Nilisalimika kwa kuingiza gia ya pili na kujibana pembeni nyuma ya lori lililoharibika. Nilipofungua kikopo cha mafuta ya breki niliyakuta meusi kama chai ya rangi iliyolala, nami sikuwa nimeyabadilisha tangu niinunue gari ile.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kipimo kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na kwa kuwa mapovu hubonyea, mguu wako huishia kuyabana yenyewe huku pedi zinazobana diski ya gurudumu hazisogei. Katika mbio hali hiyo inaweza kutokea ndani ya dakika chache, kwa sababu diski hazipati muda wa kupoa kati ya kona na kona.

Siku hizi nayabadilisha yote kabla ya msimu, na baada ya kila siku ya mbio natoa upepo magurudumu yote manne. Nimefunga pedi zinazostahimili joto, ingawa asubuhi za Julai zikiwa za baridi huchelewa kushika, hivyo siwashauri wanaokwenda nazo kazini. Nikimaliza kukimbiza naendesha taratibu kwa dakika kadhaa ili breki na tabo vipoe, kisha naegesha kwa gia na kigingi bila kuvuta breki ya mkono. Matairi nayo yasomwe ubavuni: tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekwisha kukauka.

Kinachoniuma zaidi ni kukata springi kwa grainda ili gari liwe chini. Springi iliyokatwa inaweza kutoka kwenye kikalio chake gari linaporuka tuta, na shokapu hugonga mwisho wake kila shimo, kwa hiyo kwenye changarawe zetu tairi huiacha ardhi wakati ule ule unapohitaji kukata kona. Mafundi wenzangu, mteja akiomba kazi hiyo tumkatalie.

Kwa waandaaji wa mbio za magari huku kwetu nina ombi moja: ukaguzi wa breki ufanyike siku moja kabla ya mashindano, ili mwenye kasoro apate usiku wa kuirekebisha badala ya kurudishwa nyumbani asubuhi. Wakikubali, nitakuja na spana namba 10, mpira mweupe na chupa tupu, na nitawasaidia wote watakaohitaji kutoa upepo kwenye breki, bila malipo.

Fundi na dereva,
Mwanjelwa, Mbeya