Jina la muuaji usinitumie

Somo yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku Amu, kisiwani Lamu, tu wazima, alhamdulillahi. Kusi limeanza na bahari imechafuka, samaki wapanda bei kila kukicha. Mama akusalimu sana.

Ile sauti uliyonitumia, ya yule bwana anayedai amemjua muuaji wa Robert Ouko, waziri wa Kenya aliyeuawa 1990, nimeisikiliza mpaka mwisho. Sikumpelekea mtu, wala sitampelekea, na nakuomba ikomee kwako. Umeniandikia kuwa lisemwalo lipo. Lakini somo, juu ya kifo hiki yamesemwa mangapi! Mara ni kile kiwanda cha molasi cha Kisumu, mara ni safari ya Washington aliyokwenda na Rais, mara ni siasa za jimboni kwao. Kila mmoja aapa kuwa lake ndilo.

Mimi naona hivi: nani aliyemuua hatujui, ila namna jambo lilivyozungushwa twaijua, tena kwa tarehe. Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, mtu mzima mwenye walinzi na ofisi, alitoweka nyumbani kwake Koru, magharibi ya Kenya, usiku wa kuamkia 13 Februari 1990. Mtoto mchungaji aliiona maiti mchana wa siku hiyohiyo, chini ya kilima cha Got Alila, hata kilomita tatu kutoka nyumbani hazitimii. Serikali ilitangaza kuwa imepatikana tarehe 16. Siku zile za katikati nani alikuwa anajua, na alimwambia nani? Maiti ilikuwa na risasi ya kichwa na imeungua, na bado watu wakaambiwa huenda marehemu alijiua. Nikifika hapo kifua hunibana. Yaani mtu ajitie moto, ajipige risasi, na nchi nzima iitikie amina?

Baadaye aliletwa kachero wa Scotland Yard, polisi wa London, John Troon, akachunguza na kuandika ripoti. Oktoba mwaka huohuo ikaundwa tume chini ya Jaji Evan Gicheru. Mashahidi walikuwa wanasema hadharani na magazeti yanaandika, hadi Novemba 1991, Rais Moi alipoivunja kabla haijamaliza kazi. Hilo halihitaji mpelelezi wa simu kulifichua. Lilifanywa mchana kweupe na sahihi yake ipo. Miaka mingi baadaye kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Gor Sungu ikalifufua jambo, ikaandika ripoti yake, na ilipofikishwa mbele ya wabunge mwaka 2010 wakaikataa.

Aliyefikishwa kortini ni Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru. Kesi ya kwanza ilikatika jaji alipofariki, ikaanzwa upya, na 1994 akaachiliwa huru. Huyu ndiye ninayemfikiria kila nionapo jina jipya linarushwa. Alikaa ndani kwa kosa ambalo korti haikumwona nalo. Hao tunaowataja sisi vibarazani hata hiyo korti ya kuwasafisha hawaipati.

Na jambo lenyewe halikuanza na Ouko. Mbunge J. M. Kariuki alipopotea Machi 1975, Bunge liliambiwa yuko Zambia, kumbe maiti yake imelazwa mochari ya Nairobi. Wewe ulinisimulia hayo tukiwa shule, wakumbuka? Ulikuwa na hasira ya kweli, na hasira ile ilikuwa na adabu: uliuliza nani alisema Zambia, na alizipata wapi habari hizo. Maswali kama hayo yana watu wa kuyajibu, kwa sababu kila tamko lina mwenyewe na kila jalada lina aliyelifunga. Yule bwana wa kwenye simu hakuuliza hata moja. Amekupa jina, ukaridhika ukalala.

Sisemi haya kwa kuwa niko mbali na Koru. Huku kwetu kuna kina mama ambao watoto wao walichukuliwa na wenye bunduki tangu ile miaka ya operesheni za usalama, na mpaka leo hawajaonyeshwa kaburi wala mahali walipozuiliwa. Mmoja ni jirani yetu. Kila wiki mtu humjia na habari mpya: kaonekana mahali fulani, kauawa na fulani. Mama wa watu hali chakula siku mbili. Angeletewa karatasi moja tu ya kituo cha polisi, iliyoandikwa saa aliyochukuliwa na aliyemchukua, angeshukuru kuliko hizo habari zote.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo nina ombi. Wewe uko Nairobi, na shangazi yako alikuwa karani, anajua milango. Nitafutie Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya maneno ya Bunge, ya siku ile Bunge lilipoikataa ripoti ya kamati, uipige chapa, umpe kondakta wa basi la Lamu. Nauli ya mzigo nitalipa nikiupokea Mokowe. Nataka kusoma aliyesimama alisema nini, mmoja mmoja.

Nisalimie watoto. Halua ya shangazi yako nimeinunua, nitampa kondakta huyohuyo akirudi.

Ni mimi somo yako,
Amu