Mifumo kusomana sio mifumo kuelewana

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Nimesoma ile habari yenu ya hospitali kuachana na mafaili ya karatasi na kuingia kwenye kompyuta, nimeirudia mara mbili, na neno kusomana, yaani mifumo ya kompyuta kupokezana habari za mgonjwa, nimelihesabu, limo mara saba. Mifumo isomane, mifumo imeanza kusomana, mifumo bado haisomani. Hakuna mahali mmesema inasoma nini, na ikishasoma inaelewa nini. Mimi ni mtunza kumbukumbu za wagonjwa, mwaka wa kumi na moja huu, naomba nafasi niseme hapo hapo maana haya maneno yakiandikwa juu juu anayekuja kuumia ni mgonjwa.

Nianze na namba moja tu: 20. Ni majibu ya sukari yametoka maabara. Kama maabara inapima kwa milimoli kwa lita, huyu mtu sukari yake iko juu sana, anahitaji kushushwa na pengine atachomwa insulini. Kama maabara inapima kwa miligramu kwa desilita, hiyo 20 ni ya mtu ambaye sukari imemwishia mwilini, anatakiwa apewe glukosi sasa hivi, na ukimchoma insulini umemuua. Namba ni ile ile, tarakimu zile zile mbili. Kutoka milimoli kwenda miligramu unazidisha kwa 18, hesabu ya mtoto wa shule, lakini ni nani wa kuizidisha kama kizio (yuniti kama tunavyosema kazini) kimebaki kule namba ilikotoka?

Sasa hapo mifumo imesomana au haijasomana? Imesomana vizuri tu. Ujumbe umetumwa, umepokelewa, 20 imefika ikiwa 20, fundi wa kompyuta atakuonyesha kwenye skrini kwamba kila kitu ni kijani. Kilichokosekana ni kuelewana, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, wenye fani wanavitenganisha siku nyingi, kuna kubadilishana data na kuna kubadilishana maana, na kile cha pili ndio kigumu na ndio kinachokula muda na pesa.

Na hiyo 20 peke yake sio taarifa bado. Hapa naomba tuelewane maana gazeti linaandika data na taarifa kana kwamba ni pacha. 20 ni data. Ukiiongezea kizio, ukaongeza ni ya nani, imepimwa saa ngapi, alikuwa amekula au hajala, ni damu ya kidoleni au ya mshipani, sasa ndio inakuwa taarifa. Daktari akiitazama akajua afanye nini, hayo ni maarifa. Kwa hiyo mtu akikwambia mfumo wetu una data nyingi sana, hajakwambia kitu.

Kazi ya kuifanya hiyo 20 isafiri na maana yake ilishaanza zamani. Mwaka 1987 kikaanzishwa chombo kinaitwa HL7, hao ni wa kupanga ujumbe ukaeje, jina la mgonjwa likae wapi, majibu yakae wapi, na hii FHIR mnayosikia mafundi wanaitaja siku hizi, utaratibu mpya zaidi wa kupanga ujumbe, ni ya hao hao. Mimi naifananisha na bahasha, ukiijua bahasha unajua anwani iko wapi ila barua ya ndani bado hujaisoma. Ya ndani ndio inataka misimbo, yaani namba au herufi maalumu zinazosimama badala ya jina la kitu. (Nasema misimbo makusudi, maana mkiandika kodi msomaji anafikiria kodi ya nyumba.) Kwa vipimo vya maabara upo utaratibu unaitwa LOINC, ulianza 1994 kwenye Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, Marekani, na unachofanya ni kukipa kila kipimo namba yake. Glukosi, yaani ile sukari, ya kwenye majimaji ya damu ikipimwa kwa uzito (zile miligramu) ni 2345-7, ikipimwa kwa moli (zile milimoli) ni 14749-6. Angalia hapo, kitu ni kimoja ila namba ni mbili, sababu ni hiyo hiyo ya 20 niliyoanza nayo. Aliyekaa akazitenganisha hizo namba alikuwa anamfikiria mgonjwa, mi naamini hivyo.

Kwenye magonjwa sasa ndio pagumu zaidi na ndio kazi yangu ya kila siku. Mgonjwa anakaa anasema nina presha. Sisi wote tunalijua neno presha na ndio shida yake. Kuna anayemaanisha shinikizo la damu la kupanda, kuna ambaye yake inashuka akisimama anaona giza, na wapo wengi tu ambao moyo unawaenda mbio basi wanaita presha. Kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile toleo la kumi, presha ya huyo wa kwanza ni I10, ya wa pili inaangukia I95, ya wa tatu ni R00.2. Neno moja mdomoni, vyumba vitatu kwenye kompyuta, na dawa ya mmoja inaweza kumwangusha mwingine. Daktari akiandika presha tu akafunga faili, mimi niliyekaa kwenye kibodi natakiwa nichague, na siruhusiwi kukisia, ila foleni ikiwa ndefu na mtu akawa mgeni wa kazi anakisia, akikosea hakuna wa kujua mpaka hesabu za mwisho wa mwaka zije zionyeshe ugonjwa umeongezeka kumbe kilichoongezeka ni makisio.

Hiyo orodha yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Jacques Bertillon, mtu wa takwimu wa Ufaransa, ndiye aliyeitoa mwaka 1893 ikiwa ni orodha ya sababu za vifo, Shirika la Afya Duniani likaichukua 1948 na toleo la kumi na moja limeanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Imezaliwa kwa ajili ya kuhesabu, kila tukio liingie chumba kimoja ili lisihesabiwe mara mbili. Hiyo ndio tunaita uainishaji. Lakini daktari anayemtibu mtu hahitaji kuhesabu, anahitaji kueleza, mguu wa kushoto au wa kulia, umeanza lini, umesababishwa na nini, na kwa hilo kuna kitu kingine kinaitwa SNOMED CT chenye dhana zaidi ya laki tatu, hiyo ni hazina ya istilahi. Mtu akiandika kwamba hospitali inatumia misimbo ya kimataifa bila kusema ya kuhesabia au ya kuelezea, amesema nusu. Malaria kwa mfano, kama maabara imeshaona ni ya kijidudu aina ya falsiparamu ni B50, kama faili limeandikwa malaria tu basi inaingia B54, yaani malaria isiyotajwa aina, na ikishaingia huko hakuna mtambo duniani wa kurudisha kile ambacho hakikuandikwa.

Ngoja niseme la nyumbani. Mama yangu ana aleji ya penisilini, aliwahi kuchomwa akavimba uso mpaka macho yakafunga, nilikuwa mdogo ila ile sura sijaisahau. Jina lake lina herufi h katikati ambayo wengine wanaiweka na wengine wanaiacha. Hospitali moja anayotibiwa (siitaji) ilipohamia kwenye kompyuta akasajiliwa siku mbili tofauti na watu wawili tofauti, mmoja aliweka h, mwingine hakuweka, na mwaka wa kuzaliwa ukapishana kwa mmoja. Basi mama akawa watu wawili. Kwenye faili la kwanza aleji imeandikwa. Kwenye la pili ile sehemu ya aleji iko tupu. Alienda na jino, likafunguliwa faili la pili, akaandikiwa amoksisilini, ambayo ni ukoo ule ule wa penisilini. Nesi wa dirisha la dawa ndiye aliyemuuliza kwa mdomo, mama kuna dawa yoyote inakukataa? Swali hilo ndilo lililomwokoa, mfumo haukuwa na habari.

Nafasi tupu ilisomwa kama hana aleji. Kumbe tupu ni tupu. Kuna hana aleji, ameulizwa akasema hana. Kuna haijulikani, ameulizwa hajui. Kuna hajaulizwa. Hayo ni majibu matatu na fomu nzuri inayaachia nafasi yote matatu, fomu mbaya inakupa kisanduku kimoja cha kutiki, ukiacha kutiki umeshasema hana. Na lile la jina, kuna programu za kulinganisha wagonjwa kwa namna jina linavyotamkwa, kazi hiyo ilianza hata kabla ya kompyuta, ile njia ya Soundex ilipewa hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1918, lakini ilitengenezwa kwa sauti za Kiingereza, majina yetu inayapiga chenga. Ndio maana namba moja ya mgonjwa isiyobadilika popote aendapo ni kitu cha kupigania kabla hata ya kununua seva.

Jingine nitalipitia haraka. Mliandika kwamba usiri umezingatiwa kwa sababu majina yameondolewa. Faragha ni haki ya mgonjwa kuamua nani ajue mambo yake, usiri ni wajibu wetu sisi tuliokabidhiwa, usalama ni kufuli na nywila, hayo ni matatu na moja linaweza kuwepo bila jingine. Na kuondoa majina sio kuondoa utambulisho. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kujulikana ni nani kwa kuunganisha vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Hakuna jina hapo.

Ombi langu kwenu, Mhariri, waandishi wenu wakiitwa tena kwenye uzinduzi wa mfumo, wakiambiwa unasomana na mingine yote, waulize haya kabla hawajapiga picha. Majibu ya maabara yanasafiri na kizio chake au namba peke yake? Mnatumia misimbo gani ya vipimo na ipi ya magonjwa? Mgonjwa akiwa na mafaili mawili nani anayaunganisha, na anajuaje kwamba ni mtu mmoja? Sehemu ikiachwa wazi, upande wa pili inasomekaje? Akijibu vizuri andikeni kwa jina lake, akibabaika andikeni vile vile.

Mafaili ya mama yaliunganishwa baada ya wiki sita za kufuatilia. Siku hizi kila akienda anamwomba nesi amgeuzie skrini, hajui kusoma vizuri bila miwani ila anajua neno penisilini linavyokaa, akiliona pale juu kabisa ndio anakaa kwenye kiti.

Msomaji wenu,
Mtunza kumbukumbu za wagonjwa