Somo, birika la mama libaki Tanga

Houston, Texas

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nimefurahi mno kusikia mama anakuja na kwamba mmekodi RV, lile gari lenye nyumba ndani yake, mkalale naye kambini Galveston siku tano. Ila uliposema mmepewa nafasi ya kuegesha yenye umeme wa ampia 30, moyo ulinidunda kidogo. Kwenye simu tunarukia mambo mengine, kwa hiyo nakuandikia.

Ampia 30 zinatosha, mradi ujue zinatosha nini. Volti 120 mara 30 ni wati 3,600, basi, na hizo ndizo za nyumba nzima. Wenye ampia 50 wana nyaya mbili za moto, kila mmoja na ampia zake 50, jumla wati 12,000. Ukimwona jirani anawasha kila kitu, usimfuate. Hesabu nami: kiyoyozi cha juu ya paa kinakula ampia 13 mpaka 15 kikishatulia, na kile kitambo cha kuwaka kinavuta mara kadhaa ya hapo. Hita ya maji ikiwa kwenye umeme, 12. Friji, 3. Chaja ya betri, ambayo hata huioni ilipo, huweza kuchukua 5. Umeshapita 30, na maji ya chai hujayateleka.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulifika kambini jioni ya Agosti, joto limetukaba, tukawasha kiyoyozi na hita, nami nikachomeka birika. Tap! Kimya. Baba watoto akatoka na tochi akarudisha breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi. Dakika chache, tap tena. Mara ya nne tukalichomoa birika, umeme ukakaa, tukalala kwa raha. Usiku nikasikia harufu ya plastiki inayoungua nikadhani kuna mtu anachoma takataka. Asubuhi plagi iligoma kutoka kwenye kiguzo cha umeme. Ilipotoka, jino moja la shaba lilikuwa jeusi, na plastiki pembeni yake imeyeyuka ikaning'inia kama nta ya mshumaa. Niliishika bado ina moto. Wanangu walikuwa wamelala hatua tatu kutoka pale, Somo.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba breka haikukata usiku ule kwa sababu, birika lilipotoka, mzigo haukuzidi kiasi cha kuikatisha. Breka inapima umeme unaopita; haijui kama soketi imechakaa na meno yake yamelegea. Pale pasipokamata vizuri ndipo joto linapozaliwa, na mzigo mkubwa wa saa nyingi unalikuza. Kwa hiyo mzigo wa kukesha usivuke ampia 24. Ukishachomeka, rudi baada ya nusu saa uishike plagi kwa mkono. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma, zima breka ya pale kwenye kiguzo ndipo uchomoe, ukaombe nafasi nyingine, na usione haya kuomba. Hata kuchomeka, breka iwe imezimwa kwanza.

Friji na hita zihamishie kwenye gesi. RV nyingi zina swichi ya kuchagua, mwulize mwenye gari akuonyeshe kabla hamjaondoka. Chai na wali vipikwe kwenye jiko la gesi, dirisha likiwa wazi, usiku na mchana. Maikrowevu inakula kama kiyoyozi, kwa hiyo zima kiyoyozi, pasha chakula, kisha ngoja dakika tatu nne ndipo ukiwashe tena, maana kompresa, ile mashine ya ndani yake, haipendi kuwashwa papo hapo. Draya ya nywele ni hivyo hivyo. Kwetu sasa mtu hagusi kitu kizito kabla ya kupaza sauti, "Naomba ampia!" na asubiri ajibiwe, "Chukua." Mwanangu mdogo wa miaka sita ndiye mkali kuliko wote.

Kingine: nunua kile kipimo kidogo cha volti cha kuchomeka kwenye soketi. Saa tisa alasiri, kambi nzima imewasha viyoyozi, volti hushuka. Ukiona inakaribia 105, zima kiyoyozi japo watoto walalamike. Umeme hafifu unakiunguza polepole, nawe ndiye utakayelipishwa. Na zile ekstensheni nyembamba za nyumbani usizikaribishe kabisa.

Sasa mama. Najua atataka kuja na birika lake la umeme. Mwombe kwa upole aliache. Limetengenezwa kwa volti 230. Kwenye 120 litatoa kama robo tu ya moto wake, atasubiri maji mpaka akate tamaa. Na ukimnunulia la huku, la wati 1,500, litakula ampia zaidi ya 12, wakati lile la kwetu la wati 2,200 halifiki 10. Volti zikiwa nusu, ampia zinakuwa maradufu kwa kazi ile ile. Mimi mwenyewe nilikuwa silijui hilo mpaka plagi ilipoungua.

Yeye alete hiliki na mdalasini. Sufuria yangu ya chai, ile ya mkono mrefu, naitia kwenye posta kesho ikufikie Dallas kabla hamjaondoka. Mkifika Galveston nipigie kabla hamjachomeka, hata iwe saa sita usiku. Nitakuwa macho.

Wako akupendaye,
Somo