Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuotesha Mikorosho ya Uani kwa Mbegu

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mhazini. Mimi nitakaa kwenye mbegu, maana mikorosho mingi ya uani inakwama kabla mbegu haijagusa udongo.

Mbegu huchaguliwa mtini, siyo ghalani. Tafuta mkorosho unaozaa kila mwaka, wenye korosho nzito, usioelemewa na ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga). Okota zilizoanguka zenyewe, zitenganishe na bibo (tunda laini linaloshika korosho) siku hiyohiyo, zianike siku mbili tatu, kisha ziweke kwenye gunia la katani. Mfuko wa plastiki unazivundisha. Korosho za msimu wa nyuma ziacheni. Nguvu ya kuota hushuka upesi.

Kabla ya kupanda, zimwage kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea tupa. Zinazozama ziloweke saa 24 hadi 48, ukibadilisha maji.

Sasa upandaji, ambako ndiko tunakoharibu zaidi. Ule upande mnene wenye kovu, uliokuwa umeshika bibo, uelekee juu, korosho ikilala mshazari kidogo, kina sentimita 3 hadi 5. Ukiipindua, mzizi unatokea juu ya udongo na kukauka. Ukiifukia kina kirefu kwenye udongo wa mfinyanzi, inaoza.

Anayepanda moja kwa moja achimbe shimo la sentimita 60 kila upande, arudishie udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza (mbichi inaunguza mizizi), na mvua zikishika apande mbegu tatu kwa pembetatu. Baadaye abakize mche mmoja wenye nguvu. Ile mingine ikatwe kwa mkasi. Ukiing'oa unatikisa mizizi ya unaobaki.

Anayeotesha kwanza kwenye viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) achague virefu, visipungue sentimita 25, vyenye matundu chini. Miche huchomoza baada ya wiki mbili hadi tatu. Ikipita miezi mitatu humo, mzizi mkuu unagonga kitako na kujikunja, na mti wa namna hiyo hutaabika kiangazi. Siku ya kuhamisha, chana kiriba bila kuvunja bonge la udongo.

Mche ukichomoza hubeba vipande viwili vinene vya kijani, bado vina umbo la korosho. Ndiyo akiba yake ya chakula. Panya wanavipenda, na kuku wa nyumbani ni wabaya kuliko panya. Zungushieni matawi ya miiba mpaka majani halisi yakomae.

Malalamiko kwamba mti haukufanana na mama yake nimeyapokea. Mbegu ya mkorosho hairudishi mama, kwa sababu wadudu huleta chavua ya miti mingine. Mwenye kutaka uhakika abebeshe, yaani aunganishe kwenye mche wa wiki 6 hadi 8 vikonyo (vijiti vichanga vya tawi) vya mti unaojulikana. Aina bora zilizofanyiwa utafiti zinatoka TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, Mtwara. Uliobebeshwa pia huwahi kuzaa.

Nafasi ni mita 12 kati ya mti na mti. Ua mdogo wa nyumba unatosha mti mmoja, tena mbali na ukuta.

Msimu ujao kitalu cha chama kitapokea mbegu zilizoandikwa mti zilikotoka na mwezi zilipookotwa. Gunia lisilo na maelezo hayo litarudi na mwenyewe.