Tékumel inawachosha wageni mlangoni

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyedai kwamba Tékumel haipati wachezaji wapya kwa kuwa ni ya ajabu mno. Kweli, ulimwengu huo wa mchezo wa kuigiza wahusika mezani, uliotoka mwaka 1975, hauna farasi, chuma chake ni adimu, na una miungu 10 yenye wasaidizi 10. Lakini kwetu tuliokulia Mombasa ajabu iko wapi? Huko, kama kwetu, mtu huulizwa kwanza ukoo wake, na damu ikimwagika wazee hukaa kupatana fidia.

Kinachokimbiza watu ni masomo. Mtunzi wake, M.A.R. Barker, alikuwa bingwa wa lugha akisomesha hapa Minneapolis, Chuo Kikuu cha Minnesota, na aliwatungia Watsolyáni wake, watu wa dola kuu ya Tékumel, lugha nzima, sarufi na yote. Kitabu cha mwongozo cha 1983 ni maandishi madogo yaliyobanana kurasa nzima. Nilimpa mpwa wangu, mpenzi wa mchezo mwingine wa aina hii, Dungeons & Dragons. Alipekua, akakifunga kidole kikiwa ndani, akauliza: "Mjomba, sasa mimi ni nani, na nafanya nini?" Kule alikozoea jibu liko wazi: una upanga, pango lile pale, ingia.

Na Barker jibu alikuwa nalo tangu awali! Katika mchezo wa 1975, wachezaji ni wageni wanaofika kwa mashua bandari ya Jakálla, hawajui lolote, wanakaa mtaa wa wageni wakingoja mtu awape kazi. Sisi tuliohamia Minneapolis tufundishwe nini hapo? Nikaweka kitabu kando, nikaanzia gatini. Haikupita muda mpwa wangu kamkosea adabu mzee wa ukoo, anadaiwa fidia, na anabishania bei huku akicheka.

Liko pia doa zito zaidi. Mwaka 2022 taasisi inayosimamia kazi za Barker ilikiri kwamba aliandika riwaya ya kinazi kwa jina la bandia. Wapo waliouacha mchezo kwa hilo, nami siwalaumu. Mpwa wangu nilimwambia kabla hatujarusha dadu. Mwenzangu mmoja ananiona namharibia kijana raha, shauri yake.

Wanaotaka Tékumel ipate watu watoe kijitabu cha kurasa chache tu: mashua, bandari, kazi ya kwanza na malipo yake. Sarufi wauziwe wanaoiulizia.

Msomaji wako,
Minneapolis, Marekani