Malalamiko kuhusu kitabu cha ufahamu na msamiati cha darasa la tano

Wete, Pemba

Kwa Meneja wa Uchapishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

KUH: HADITHI NA MASWALI YASIYOLINGANA

Baada ya salamu, ninakuandikia kwa niaba ya walimu wa Kiswahili wa skuli yetu kuhusu nakala 40 za kitabu chenu cha ufahamu na msamiati, tulizozinunua kwa wakala wenu wa Chake Chake kwa fedha ambazo wazazi walizichanga baada ya kuuza karafuu zao. Tumekisomesha kwa wiki sita, na sasa tumekifungia kabatini.

Kasoro kubwa ni kwamba hadithi ni ya mtu mmoja na maswali ni ya mwengine. Hadithi ya msichana mwenye kofia nyekundu mmeifuata kama alivyoiandika Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697: mbwa mwitu anammeza bibi, kisha anammeza mjukuu, na hadithi inakwisha hapo hapo. Swali la nne, hata hivyo, linauliza mwindaji alimpasua mbwa mwitu tumbo kwa kitu gani, na majibu yaliyo nyuma ya kitabu yanasema "mkasi". Mwindaji huyo na mkasi wake wanatoka katika masimulizi ya ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1812. Katika ukurasa wenu hayumo. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyeirudia hadithi yote akifuatisha mistari kwa kidole, aliandika: "Mwindaji hayumo." Kwa majibu yenu amekosa. Mimi nimempa alama zote, kwa kuwa darasa zima ni yeye peke yake aliyejibu kwa alichokisoma. Wenzake walibuni panga na kisu.

Kwa Cinderella mmefanya vivyo hivyo. Hadithi mliyoichapa ina boga linalogeuka gari na kiatu cha kioo, mambo ya Perrault, lakini swali linauliza ni nani waliomsaidia kuokota adesi majivuni. Hao ni njiwa, nao ni wa akina Grimm.

Katika msamiati, neno "kioo" mmelieleza kuwa ni "kifaa cha kujitazamia sura", maana inayofaa kwa malkia anayekiuliza kioo chake nani mzuri kuliko wote, lakini ambayo inamvisha Cinderella miguuni kitu cha ukutani. Neno hilo lina maana mbili, na hadithi hizi mbili zingekuwa nafasi nzuri mno ya kumfundisha mtoto kuitambua maana kwa kuitazama sentensi nzima. "Theluji" mmeandika ni "barafu", basi. Mtoto wa hapa barafu anayoijua ni ile ya ukwaju inayouzwa getini, na nimeulizwa kwa dhati kabisa vipi binti wa kambo wa malkia huyo, anayesemwa mweupe kama theluji, atakuwa mweupe kama ukwaju.

Ofisa wenu wa mauzo aliniambia kwa simu kwamba pengine hadithi za Ulaya hazifai kwa watoto wa Pemba. Sikubaliani naye hata kidogo. Miongoni mwa hadithi alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 imo ya paa anayemtajirisha masikini mchakuraji wa jaani, na paa huyo anafanana sana na paka wa Perrault mwenye viatu. Nilizisomesha pamoja, nikauliza kwa nini yule masikini alimdharau paa baada ya kutajirika, ilhali paka aliishia kuheshimiwa. Mjadala ulichukua vipindi viwili, na maneno "fadhila", "hila" na "utovu wa shukurani" waliyatumia wenyewe bila kuandikiwa ubaoni. Kitabu chenu kinauliza kofia nyekundu ilikuwa ya rangi gani.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, mtuandalie maswali, majibu na msamiati uliosahihishwa kwa nakala zote 40, bila malipo, na mzigo ufikishwe bandari ya Mkoani kabla muhula ujao haujafunguliwa. Mkishindwa, mrejeshe fedha zote kupitia wakala wenu. Pili, nakala tatu zenye kurasa zilizorudiwa mzibadilishe kwa vyovyote. Risiti na picha za kurasa husika nimeziambatanisha.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano