Nataka mwaka mmoja wa kukaa na bibi kabla ya chuo, baba hataki kusikia

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 20, naandika kutoka Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Mwezi wa Mei nilifanya mtihani wa kidato cha sita, tahasusi ya CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), na matokeo yalipotoka Julai nikawa nimepata daraja la pili. Nimepata nafasi chuo kikuu huko Dar es Salaam kusomea sayansi za majini na uvuvi. Siku hiyo nyumbani alichinjwa jogoo, na mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Shangazi, sitaki kwenda mwaka huu. Chuo nakitaka, tena sana. Ninachoomba ni kuahirisha mwaka mmoja, nikae hapa kijijini na bibi mzaa mama kwenye shamba lake la mwani, ndipo niende. Siku niliyomwambia baba alinawa mkono na sahani yake haijafika nusu, akatoka nje. Mpaka leo hatujalizungumza tena.

Nieleze wazo hili nililipata wapi, maana baba anaamini nimelipata kwa wazungu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Likizo ya kidato cha tano nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni Paje, kufagia na kutandika vitanda. Pale alikuwapo msichana wa Kijerumani wa rika langu, amekuja kujitolea kufundisha watoto kwa mwaka mzima. Aliniambia kwao ni jambo la kawaida mtu kumaliza shule akakaa mwaka kabla ya chuo, na serikali yao ina mpango unaoitwa weltwärts, tangu mwaka 2008, unaowapeleka vijana nchi kama zetu. Nilimsikiliza, lakini sikuona kama ni habari yangu. Yeye mwaka wake ulikuwa na tiketi ya kurudi, bima, na chuo kinachomsubiri. Sisi tumezoea kwamba mtoto akimaliza shule akakaa nyumbani, basi amefeli.

Lililonibadilisha ni jambo la mwezi wa Juni, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, nikiwa nyumbani nangoja matokeo. Maji yalikuwa yamekupwa saa nne asubuhi, tukaenda shambani mimi na bibi. Bibi ni katika wanawake wa mwanzo kabisa. Mwani wa biashara ulipoanza huku kwetu na Paje mwaka 1989, mama yangu alikuwa hajaanza hata shule. Tulipofika kwenye vigingi vyake aliinua kamba moja. Ncha za mwani zilikuwa nyeupe kama mshumaa. Akaminya tawi kwa vidole viwili, likakatika bila sauti, akalitupa. Akainua kamba ya pili, na ya tatu, hivyo hivyo. Halafu akasimama kimya, miguu ndani ya maji, akasema, "Maji haya yana homa. Nimeyajua tangu juzi kwa unyayo."

Shangazi, nimesoma Baiolojia miaka sita. Usanisinuru naujua, vimeng'enya vinavyoharibiwa na joto navijua, na kwenye mtihani niliandika kurasa tatu na kuchora mchoro. Tangu nazaliwa nimevaa nguo, nimekula na nimesomeshwa kwa mwani ule. Lakini sikuwahi hata siku moja kumwuliza bibi kwa nini mwani wake unakuwa mweupe. Nilipita shule yote nikiamini kwamba elimu iko Mjini, dahalia, na kwamba bibi ana kazi tu, hana elimu. Nilirudi nyumbani siku ile sikuweza kula.

Tangu hapo nimekuwa nikimwuliza na kuandika kwenye daftari. Amenieleza kwamba kuna mwani wa aina mbili: spinosamu, ambao ni mvumilivu lakini bei yake ndogo, na kotonii, ambao ndio wenye bei. Kotonii huku kwenye kina kifupi ulikufa, ukipandwa unakufa tena, kwa sababu maji yamezidi kuwa ya moto. Unataka kina kirefu, kwenye ubaridi. Na kwenye kina kirefu wanawake wengi hawaendi, kwa sababu hawajui kuogelea. Bibi hajui. Mama hajui. Mimi ninayekwenda kusomea bahari, sijui pia. Watoto wa kiume tulikuwa tunawaona wakiruka kutoka kwenye ngalawa, sisi tunafunga mbegu kwenye kamba, tumekaa mchangani.

Basi mwaka ninaoutaka hauna siri. Nataka kuwa na kamba zangu mwenyewe, nipande na kuvuna mwaka mzima, kila baada ya wiki sita hivi, ili nione kiangazi na masika vinafanya nini kwenye shamba moja. Nimenunua kipimajoto, nataka kila bamvua nipime maji mahali pale pale na niandike, kisha bibi aniambie unyayo wake unasemaje kabla hajaona namba. Nataka kujifunza kuogelea. Kuna dada mmoja wa hapa kijijini aliyekubali kutufundisha mimi na wenzangu wawili, tukiwa tumejisitiri. Na nataka kupumzisha kichwa. Hili nalisema kwa sauti ndogo, lakini ni kweli. Miaka miwili ya dahalia nililala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, na kuna wakati nilikuwa nasoma ukurasa mpaka mwisho nisijue nimesoma nini. Naogopa kufika chuo hivyo hivyo, nikariri miaka mitatu mingine, nipate cheti, na bado nisijue cha kumwambia bibi.

Kuna mtafiti aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, Dk. Flower Msuya, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi na wanawake wa mwani, majini, siyo ofisini peke yake. Nikimfikiria yeye ndipo ninapoona mwaka huu si wa kupotea.

Sasa nimtendee haki baba, kwa sababu hofu yake naielewa. Baba alimaliza kidato cha nne mwaka 1998, akafaulu. Nyumbani hakukuwa na kitu, akasema atafanya kazi hotelini mwaka mmoja tu, akusanye nauli na ada, kisha arudi shule. Mwaka ule mpaka leo haujaisha. Sasa ni mpishi kwenye hoteli ya kaskazini, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, na cheti chake cha kidato cha nne amekiweka kwenye bahasha ndani ya sanduku pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Nikimwambia "mwaka mmoja tu, baba", nadhani anajisikia mwenyewe akiongea.

Na kuna jambo la pili, ambalo limenifanya nikuandikie wewe badala ya kumwuliza mwalimu wangu. Mwezi uliopita walikuja watu wawili wazima kuniulizia. Ni watu wema, kijana mwenyewe sina ubaya naye. Baba aliwajibu neno moja, "Anasoma," wakanywa kahawa wakaenda zao kwa heri. Neno lile ndilo ukuta wangu. Nikikaa nyumbani mwaka mzima nikienda pwani na kamba begani, wakirudi baba atawajibu nini? Binamu yangu alikaa hivyo hivyo akingoja kurudia mtihani. Leo ana watoto wawili, na vitabu vyake nilivirithi mimi.

Tena kuna mkopo wa masomo. Nimeomba mwaka huu. Nikiahirisha, nitaomba upya mwakani, na baba siku zote husema anayeacha sahani iliyoletwa asitegemee kuletewa nyingine. Chuoni niliambiwa kwamba kuahirisha kunaombwa kwa barua yenye sababu. Sababu yangu nikiiandika, "kukaa na bibi", naona haya, ingawa moyoni sioni sababu iliyo kubwa kuliko hiyo. Bibi hana mwili wa zamani. Akirudi kutoka pwani hukaa barazani akajikanda magoti mpaka alasiri. Nikirudi baada ya miaka mitatu na shahada yangu, sijui kama nitamkuta bado anaingia majini.

Mwenyewe bibi nilimwuliza. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimeingia majini ili nyinyi msiingie." Sasa sijui kama namheshimu kwa kukaa, au namvunjia kazi yake yote.

Naomba unishauri, Shangazi, na wasomaji wenye watoto wa umri wangu pia wanishauri. Je, kuna namna ya kumweleza baba ili aone kwamba mwaka wangu una mwanzo na mwisho, pengine nimwandikie mpango na tarehe, nimpe barua ya chuo aishike yeye mwenyewe kwenye ile bahasha yake? Au niende Oktoba kama alivyotaka, nikae na bibi likizo tu, na daftari niliendeleze kidogo kidogo? Na kama kuna msichana aliyewahi kuahirisha chuo akarudi kweli, naomba aniambie ni nini kilichomrudisha, maana ninaowajua mimi wote hawakurudi.

Baba anakuja Ijumaa. Bamvua linaanza siku mbili baadaye, na bibi ameshaniwekea mbegu za kamba kumi kwenye ndoo chini ya mwembe, amezifunika na gunia bichi.

Mimi mwanao,
Msomaji wa Jambiani